Kumufundisha Piroshi Kusimama

Vijana wangu wa dispansere ya mifugo, tangu niache kazi na kuingia retrete hamunipumzishi. Munakuja mpaka kwangu na daftari, munakaa barazani, munakunywa chai yangu, munasema: "Papa Gaspari, tuandikie, kazi ya zamani ilikuwa je?" Haya, nimekaa, nimeandika. Lakini nawajua. Mulitaka niandike juu ya chanjo na kupe na mimba za ng'ombe, mambo ya kuulizwa kwenye mutihani. Hayo yako ndani ya vitabu, na vitabu viko kwenye kabati, kama panya hawajamaliza. Vyeo vyangu na mushahara navyo naviacha. Mushahara wa wakati ule nikiwaambia mutacheka, na cheo hakijawahi kuponya hata kuku. Nitaandika juu ya mbwa mumoja. Ndiyo, mbwa. Anayetaka kucheka acheke sasa, halafu asome.

Nilianza kazi Goma katika miaka ya hamsini, kijana kutoka milima ya Masisi, mutoto wa wachungaji wa ng'ombe. Goma yenyewe ilikuwa ndogo: nyumba za wazungu kando ya ziwa, soko, misheni, na mawe meusi ya volkano kila pahali unapotaka kuweka muguu. Siku ya kwanza Daktari, Mubelgiji mwenye haraka, alinipa vitu vitatu: koti jeupe lililonizidi urefu, sindano ya kioo, na termometa iliyofungwa uzi. Uzi ule una kazi. Kule nyuma ya ng'ombe termometa inaingia vizuri, lakini kutoka ni habari nyingine. Wiki ya kwanza sikufunga uzi kwenye mukia, nikajifanya mujuzi, na termometa ikapotea ndani. Daktari alinisimamisha nyuma ya yule ng'ombe mpaka ilipozaliwa. Ilizaliwa saa nane za muchana. Tangu siku ile nafunga.

Katika mwaka wangu wa pili akaja muzungu mumoja na mbwa jike nyuma ya kamionete, gari lake dogo la mizigo. Tulimuita Bwana Laslo. Hakuwa Mubelgiji. Alitoka Hungaria, inchi ya mbali isiyo na bahari, na alikuwa ametoka huko kwa kukimbia, baada ya vita, akiacha nyumba, ndugu na farasi. Kitu pekee alichotoka nacho kilikuwa mbwa wake wa kuwinda, aliyemuficha chini ya magunia ya viazi. Yule mbwa alifika naye mpaka huku Kivu, akazaa mutoto mumoja tu, halafu akafa kwa homa ya kupe. Huyo mutoto ndiye niliyeletewa. Kwa hiyo muelewe vizuri: Bwana Laslo alikuwa na shamba la kahawa na maua ya piretre kwenye njia ya Sake, kupita Mugunga, alikuwa na kamionete na bunduki mbili, lakini kwa ukoo wake wote alibaki na mbwa mumoja. Alimuita Piros, kwa luga yao maana yake ni nyekundu. Sisi tukaongeza herufi mbili mwishoni ili ulimi upumzike, tukamuita Piroshi, na yeye aliitikia yote mawili.

Daktari hakupenda mbwa. Mumoja alikuwa amemuuma pahali ambapo hapaandikwi. Akamutazama Piroshi kutoka mulangoni, akaniambia, "Gaspari, huyu ni wako," akarudi kwenye karatasi zake.

Nilimukuta muzima, mwembamba kidogo. Rangi ya kutu mwili wote, hata pua, hata kucha, na macho ya rangi ya asali. Kesho yake nikaenda shambani kumuangalia anavyotembea. Tulikuwa tunapita kwenye majani, mimi nyuma yake, ghafla akasimama. Muguu mumoja wa mbele umekunjwa juu, mukia umenyooka, hatikisiki. Nikajisemea: mwiba. Ao funza. Nikapiga magoti, nikamushika muguu, nikatafuta katikati ya vidole vyote. Hakuna kitu, na muguu bado uko juu. Basi ni mufupa. Nikatoa bande kwenye mufuko wangu, nikamufunga kuanzia kucha mpaka kiwiko, kazi safi, na fundo nikaliweka kwa inje kama Daktari alivyonifundisha. Piroshi hakunitazama hata mara moja. Nyuma yangu nikasikia Bwana Laslo anakohoa. Kumbe anacheka, amejishika kwenye muti, machozi yanamutoka.

"Hapana gonjwa!" akasema kwa Kiswahili chake cha vipande vipande. "Iko nafanya kazi! Ndege iko pale!"

Akapiga hatua moja, na kwale wawili wakaruka kutoka kwenye majani, mbele kabisa ya pua zetu. Ndivyo nilivyojifunza kwamba mbwa wa namna ile hamurukii ndege. Anamunusa kwa mbali, anasimama, anakuonesha kwa mwili wote aliko. Piroshi akashusha muguu wake wenye bande, akaniangalia kwa huruma. Bande yenyewe Bwana Laslo aliitundika kwenye ukuta wa baraza lake, na kila mugeni alielezwa habari yake. Nilivumilia.

Nikawa naenda kila Jumatano na Jumamosi. Sasa sikilizeni, maana siku moja mutaletewa mbwa wa namna hii na musifanye kama mimi. Manyoya yake ni mafupi, yamelala, hayana sufi chini. Anasikia baridi. Asubuhi ukungu ukiwa bado chini alitetemeka mpaka meno yanalia. Nikamushonea koti kwa blanketi la zamani la nyumbani. Veneranda, bibi yangu, akatafuta blanketi.

"Liko kazini," nikamuambia.

"Papa Feli," akasema, na alipotumia jina la mutoto wetu hivyo nilijua nimekwisha, "Feli analala na kitenge, imbwa ya muzungu inalala na blanketi yangu?"

Nikamutafutia Feli blanketi lingine.

Manyoya yale hayaoshwi kila siku, sabuni inayamalizia mafuta. Kitambaa chenye unyevu kidogo, halafu kikavu, inatosha. Masikio yanalala na hewa haingii: kila wiki unafunua, unanusa. Ndiyo, unanusa, acheni kukunja pua. Sikio zima linanuka ngozi tu. Likinuka maziwa yaliyoharibika, kuna ugonjwa. Kupe unawatafuta kwa vidole, kinyume cha manyoya, kuanzia shingo, na usisahau makwapa. Kwa viroboto tulikausha maua ya piretre pale pale shambani, tukayatwanga kwenye kinu, tukamupaka unga wake, na viroboto wakahama bila kuaga. Chakula mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, na asikimbie akiwa ameshiba, maana tumbo linaweza kujigeuza na hapo hakuna dawa. Nyayo ndizo zilinisumbua. Mawe yetu yanakata vibaya. Kwa miezi miwili nilimupaka mafuta ya ng'ombe na kumutembeza kwenye changarawe ndogo, leo kidogo, kesho zaidi kidogo, mpaka zikakomaa.

Lakini tabia ni ngumu kuliko nyayo. Mbwa huyu hapigwi. Sizungumzii dhambi, nazungumzia kazi: ukimupandishia sauti tu anakupa mugongo siku mbili, hali, hakuoni, mpaka unajikuta unamuomba musamaha. Nilimuomba, mbele ya wachumaji wa kahawa. Tena hawezi kukaa peke yake. Ukikaa, anakaa juu ya viatu vyako. Ukisimama kuandika, anaegemea goti. Na anaongea! Kubweka si sana, lakini anaguna, anaugua, anauliza maswali yasiyo na mwisho. Mimi ni mutu wa ng'ombe, kwetu mbwa anakaa inje na hakuna anayemuuliza amelalaje. Baada ya miezi mitatu nilikuwa naona Jumatano inachelewa kufika. Nilimupenda, basi, imeandikwa.

Mutu mwingine aliyenifundisha kazi hakuwa na koti jeupe. Ni Muzee Kanane, muwindaji wa Mugunga, mutu mufupi mwenye kofia ya ngozi na fimbo ndefu kumuzidi mwenyewe, iliyopinda kichwani kama ndoano. Mbwa wake, wale wadogo wa kwetu, hawabweki wakati wa kuwinda, kwa hiyo kila mumoja alivaa kengele ya chuma shingoni ili ajue yuko wapi. Bwana Laslo naye alikuwa na shida: majani yetu ni marefu, Piroshi akisimama ndani hatumuoni. Mimi ndiye nilitoa shauri. Tumuombe Muzee Kanane kengele. Ikilia, Piroshi anatafuta. Ikinyamaza, amesimama, ndege yuko mbele yake. Bwana Laslo alifurahi sana. Muzee Kanane aliitoa kengele, lakini hakufurahi.

"Kwangu mimi kengele ikinyamaza ninakimbia," akaniambia. "Chui amekamata imbwa, ao imbwa ameingia mu mazuku. Nyinyi kengele ikinyamaza munatembea pole pole kama watu ya kanisa. Sasa, muganga, unioneshe akili iko wapi."

Nilicheka. Mazuku munayajua, lakini naandika kwa ajili ya wageni. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini kati ya mawe, kule Mugunga na kando ya ziwa. Haina rangi. Ni nzito, inajaa kwenye mashimo na kutulia humo. Mutu aliyesimama anaweza kupita asijue kitu, na mbuzi aliye kando yake akafa. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, ndiyo mbaya zaidi. Muzee Kanane alinionesha alama zake: majani yaliyokauka katikati ya majani mabichi, panzi na mijusi waliokufa, ndege amelala bila kidonda.

"Ukiona mbuzi amelala mule, usiiname," akasema. "Kuinama ndiyo kufa. Unafunga pumzi, kichwa juu, unavuta na fimbo." Ndiyo sababu fimbo yake ilikuwa na ndoano.

Sasa kosa langu, naliandika kwa mukono wangu mwenyewe. Bwana Laslo alitaka mbwa anayesimama na kubaki amesimama mpaka aguswe bega. Piroshi alisimama vizuri, lakini akichoka kungoja aliwarukia ndege. Bwana Laslo akanipa mimi kazi ya kumutuliza. Nikachukua kwale mumoja ndani ya kikapu, kamba ndefu, vipande vya ini, na sauti ya chini. Saa sikuwa nayo, nikapima kwa sala. Wiki ya kwanza Piroshi alibaki nusu ya Baba Yetu. Mwezi wa pili alibaki Baba Yetu tatu na Salamu Maria moja. Nikifika mwisho namugusa bega, anapata ini. Padri wetu aliposikia alisema ni vizuri, angalau sasa kuna Mukristu anayesali mara ishirini kwa siku. Mwishowe niliweza kumuacha amesimama, nikaenda kunywa maji, nikarudi, na yuko vile vile, mate yanadondoka, macho tu ndiyo yananifuata. Wazungu wa mashamba mengine walikuja kumutazama. Kichwa kilinivimba. Nilijua namufundisha kubaki. Sikuwaza hata siku moja kwamba namukataza kutoka.

Ilikuwa asubuhi moja baada ya mvua, bila upepo. Tulikuwa watatu: Bwana Laslo na bunduki, mimi, na Muzee Kanane aliyeombwa atuoneshe kwale walikohamia, upande wa Mugunga. Kengele ililia kushoto, ikapanda, ikateremka nyuma ya ukingo wa mawe. Ikanyamaza.

Bwana Laslo akainua mukono: kimya. Uso wake ulijaa furaha. Tukatembea pole pole, jinsi inavyotakiwa, maana ukiharakisha ndege wanaruka. Kwa mazoea nikaanza Baba Yetu moyoni. Nilipofika katikati nikaona panzi juu ya jiwe, amelala ubavu. Halafu mwingine. Halafu majani, ya kahawia, wakati kila kitu kilikuwa kibichi kwa mvua.

"Bwana," nikasema.

"Kimya!"

"Bwana, ni mazuku."

"Kimya, Gaspari! Iko nasimama!"

Miaka ile mutu kama mimi hakupaza sauti mbele ya muzungu mwenye bunduki, hasa akiwa ameambiwa kimya mara mbili. Nikapaza. Nikaita kwa nguvu zangu zote, "Piroshi! Njoo! Njoo huku!" Ng'ambo ya ukingo kwale wakaruka kwa kishindo. Kengele haikulia. Hapo wote watatu tulijua.

Tukakimbia mpaka ukingoni. Shimo halikuwa kubwa, kina chake kilifika kifuani kwa mutu. Kwale walikuwa upande wa pili, juu, kwenye hewa nzuri, na Piroshi aliwanusa akiwa chini. Alikuwa amelala, lakini si kama mbwa anayelala. Miguu ya nyuma imeishiwa nguvu, wa mbele mumoja bado umekunjwa, pua bado inaelekea kule walikokuwa ndege. Hewa ilimukamata kidogo kidogo na hakutoka. Angeweza kutoka. Alibaki kwa sababu mimi nilimufundisha kubaki.

Bwana Laslo akatupa bunduki, akainama kuruka ndani. Nikamushika mukanda wa suruali kwa mikono miwili, nikamuvuta. Akanipiga kiwiko mudomoni. Nikamupiga na mimi, sijui wapi, nikamuangusha chalichali, nikamukalia kifuani. Ndiyo, mumesoma vizuri. Mimi, infirmiye mweusi, musaidizi wa Daktari tu, nilimukalia muzungu, wakati ambapo kusahau kuvua kofia tu kulitosha kukupeleka polisi. Alikuwa analia kwa luga yao.

"Ukiinama utakufa," nikamuambia, "na yeye atakufa." Nikaendelea kumukalia.

Muzee Kanane alisimama wima ukingoni, akavuta pumzi, akaifunga, akateremka hatua mbili, kichwa juu. Akapeleka fimbo. Ndoano ikateleza mugongoni. Akapanda kupumua, akashuka tena, na safari hii ndoano ikashika mukanda wa kengele. Akamuburuta juu ya mawe mpaka miguuni kwetu.

Piroshi hakuwa anapumua. Ulimi ulikuwa wa buluu. Vitabu vya Daktari vyote vilinitoka kichwani. Kilichobaki ni baba yangu, kule Masisi, na ndama anayezaliwa bila pumzi. Unamulaza kichwa chini. Unasafisha mudomo, unaufunga kwa kiganja, unapuliza puani. Unabonyeza mbavu. Unachukua jani kavu, unalichomeka ndani ya pua. Unamwaga maji baridi sikioni. Nikafanya yote. Muzee Kanane alimwaga maji ya kibuyu chake, mimi nikapuliza. Bwana Laslo alikuwa amepiga magoti, ameshika muguu mumoja wa nyuma kwa mikono yake miwili. Nilisali Baba Yetu, na mara hii sikuwa napima muda. Nikapuliza tena. Nikazungusha jani.

Akapiga chafya. Ndogo, chafya ya paka. Halafu ya pili, kubwa, halafu akatapika juu ya suruali yangu, na mimi nikalia kwa sauti mbele ya wanaume wawili bila kuficha uso.

"Futa mudomo, muganga," Muzee Kanane akasema. "Bibi yako akisikia namna unabusu imbwa, utalala inje."

Tulimubeba kwa zamu mpaka nyumbani kwa Bwana Laslo. Hakuna aliyezungumza juu ya nani alimukalia nani. Nilipofika kwangu nikamuambia Veneranda anifungie shati na sabuni, pengine kesho watanichukua. Akauliza nimefanya nini. Nikasema nimekalia muzungu. Akakaa na yeye, chini, palepale alipokuwa.

Kesho yake asubuhi kamionete ikasimama mbele ya dispansere. Piroshi alikuwa kwenye kiti cha mbele, amevaa blanketi la Veneranda. Bwana Laslo akashuka, jicho moja limevimba, jeusi. Daktari akauliza jicho limepatwa na nini.

"Naanguka," akasema Bwana Laslo. "Mawe mingi kule."

Akaniita inje.

"Gaspari. Nani nafundisha yeye kusimama vile?"

"Ni mimi, Bwana."

"Na nani naagiza?"

Nikageuka kumutazama Piroshi ndani ya kamionete.

"Mimi," akasema. "Mimi naagiza. Sasa wewe fundisha yeye kurudi. Hata kama ndege iko. Hata kama mimi nasema hapana."

Vijana, kumufundisha mbwa kutii ni kazi ya miezi miwili. Kumufundisha kuacha kutii, na bado akuamini, ilinichukua miezi mine, na sijafanya kazi ngumu kuliko ile kwa mikono hii. Alidhani namutega. Nilimuita akiwa amesimama, akanigeuzia jicho tu: wewe mwenyewe si ulisema nibaki? Nikarudi mwanzo, sasa kila siku, na kikapu na kwale na ini. Asipokuja nilikimbia kinyume, najitupa chini kwenye majani, kwa sababu mbwa huyu hawezi kuona mutu wake ameanguka akabaki alipo. Wachumaji wa kahawa wakapeleka habari misheni kwamba infirmiye ameshikwa na kifafa. Magoti yangu munayoyacheka leo nikipanda ngazi, yaliharibika kule. Bwana Laslo alikuja kutazama kila siku. Kuna siku alijitupa na yeye, huyo mutu wa kilo zote zile, na Piroshi akachanganyikiwa asijue akimbilie nani.

Wiki moja ya mwezi wa mine wa kazi hiyo akaanza kuja mwenyewe, bila kuitwa. Anasimama, anangoja kama nusu ya Baba Yetu, anaacha ndege, anakuja kunigusa mukono kwa pua, halafu anarudi mahali pake kama anayesema: niko, wewe je? Nilimukumbatia na kumuambia maneno ambayo sitayaandika.

Kiangazi kilipofika akaja mugeni, muzungu mwenye shamba upande wa Kibati. Alikuwa amemuona Piroshi zamani, wakati wa zile Baba Yetu tatu, na alikuwa amemusifu kila pahali. Sasa alitaka kuwinda nyuma yake. Tukaenda kwenye majani ya wazi, pahali salama, na upepo mwepesi. Piroshi akatafuta, kengele ikanyamaza, na akasimama vizuri ajabu, muguu juu, jua juu ya mugongo wake mwekundu. Mugeni akainua bunduki, akanyata. Mimi nikahesabu moyoni. Nilipofika nusu, Piroshi akashusha muguu, akageuka, akawaacha kwale wote na bunduki ya mugeni, akaja mbio mpaka kwangu, akasukuma pua yake kwenye kiganja changu. Kwale wakaruka, sita ao saba, wakaenda zao.

Mugeni aligeuka mwekundu kuliko mbwa. Akasema kwa Kifaransa, ambacho nilikisikia vizuri, kwamba ni aibu, kwamba huyu alikuwa mbwa bora wa Kivu nzima, na sasa hafai hata kulinda kuku. Akauliza nani amemuharibu.

Bwana Laslo akavua kofia. Akaniwekea mukono begani, mbele ya yule mugeni na wabebaji wake wote.

"Huyu," akasema. "Musiye Gaspari. Miezi mine, kila siku."

Musiye, ni kusema Bwana kwa Kifaransa. Wakati ule neno hilo halikuitiwa mutu mweusi, na alilisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Wakubwa wengi wamepita juu yangu baada ya siku ile, na sikusifiwa hivyo tena. Piroshi alikuwa ameegemea goti langu, anaguna, anadai ini lake, nikamupa.